Nani Humwalika Mgeni?

Mabasi ya watalii hayasimami Kimbo. Yanatoka Nairobi alfajiri, yanashika barabara kuu ya Thika, yanapita Kahawa, Ruiru, Kimbo na Juja, kisha yanapotelea upande wa Mlima Kenya na Samburu. Wanaoshuka Kimbo ni wenyeji: aliyetoka kazini, mwanafunzi, mama mwenye gunia la viazi, kila mmoja akitafuta boda boda ya kumfikisha nyumbani. Na hapa si kijijini: Kimbo ni sehemu ya Ruiru. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru, wa nne kwa ukubwa Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Barabara ni pana tangu 2012, na kutoka Ruiru kuna njia ya pembeni inayoelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta bila kupita katikati ya Nairobi. Mgeni angeweza kufika. Hajaalikwa tu.

Kualika wageni ni kazi ya mshahara, na ina mahali ilipoanzia. Mnamo Februari 1896 mwandishi wa habari Milton Carmichael aliandika katika gazeti la Detroit Journal, kule Marekani, kwamba makundi ya watu tayari yalikuwa yanakuja Detroit kufanya mikutano bila mtu yeyote kuwaomba. Je, wangeombwa? Wafanyabiashara wa mji wakakutana, wakachanga, wakamwajiri mtu wa kuzunguka akiomba mikutano iletwe kwao. Miji mingine ikaiga, na leo karibu kila mji mkubwa wa Marekani una ofisi ya namna hiyo, nyingi zikiendeshwa kwa kodi inayotozwa vyumba vya hoteli.

Ofisi hiyo ni kama dalali wa mashamba: inauza isichokimiliki. Haina hoteli, haina basi, haina maporomoko ya maji. Chake ni orodha ya majina, simu inayopokelewa, na uwezo wa kuwakalisha mezani wenye hoteli wanaogombania wateja wakatoa mwaliko mmoja.

Kuna wageni wa aina mbili, nao hawatafutwi kwa njia moja. Mtalii wa likizo huamua na familia yake. Huyu huvutwa kwa picha, na ndiye anayelengwa na Bodi ya Utalii ya Kenya inapotangaza chui na fukwe kwa jina la Magical Kenya. Kongamano huamuliwa na kamati. Chama cha madaktari wa macho au wahandisi wa maji hukutana kila mwaka au kila baada ya miaka kadhaa, kikihama nchi hadi nchi, na mahali pa mkutano huchaguliwa miaka mingi kabla. ICCA, shirika la kimataifa la sekta hii lililoundwa 1963, huhesabu tu mikutano ya vyama inayofanyika kwa kawaida, inayozunguka angalau nchi 3, na yenye washiriki wasiopungua 50.

Kamati hiyo haitaki picha ya chui. Inataka zabuni: barua ya mwaliko kutoka kwa mwanachama wao aliye nchini, barua ya waziri, bei ya vyumba iliyofungwa mapema, mpango wa magari, uhakika wa viza. Kisha hutuma watu wa kukagua, na hao huangalia vyoo, lifti, jenereta na kasi ya intaneti. Katika haya yote, barua ya kwanza ndiyo nzito. Bila mwenyeji ndani ya chama anayesimama kusema "njooni kwetu", zilizobaki ni karatasi.

Nairobi ilionja faida ya makongamano mapema. Jengo la KICC lilianza kuchorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwe, akishirikiana na David Mutiso, liwe makao makuu ya chama cha KANU. Benki ya Dunia na IMF zilipokubali kuleta Nairobi mkutano wao mkuu wa 1973, wa kwanza barani Afrika, mradi ukapanuka, ukawa jumba la mikutano lenye mnara uliokuwa mrefu kuliko majengo yote nchini. Lilifunguliwa Septemba 1973, mwezi uleule wa mkutano. Ndipo Robert McNamara, rais wa Benki, alipohutubia kuhusu umaskini wa wakulima wadogo, na mpaka leo wanauchumi huiita hotuba ya Nairobi. Hakuna tangazo la kulipia linaloweza kuununulia mji jambo kama hilo. Mwaka wa 1985 ukaja mkutano wa wanawake wa dunia, na 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani wakakutana hapohapo.

Wenye hoteli humpenda mjumbe wa kongamano kwa sababu rahisi: analipiwa. Huja hata mwezi ambao fukwe ni tupu, hulala siku za kazi, na mara nyingi huongeza siku mbili za kutembea kwa pesa zake mwenyewe. Hoteli na mikahawa ya Kenya nayo hutozwa asilimia 2 ya mauzo kwa ajili ya Hazina ya Utalii, hivyo kila sahani ya mjumbe huchangia kidogo.

Wengi hudhani mwanzo ni kujenga ukumbi. Lakini Rwanda ilianzisha ofisi ya makongamano 2014, ukumbi wa Kigali wenye kuba ukafunguliwa 2016, na Juni 2022 viongozi wa Jumuiya ya Madola wakakutana Kigali. Arusha ilikwenda kinyume: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, majengo yake yakabaki, na kituo cha mikutano cha AICC kikaundwa 1978 kuyatafutia kazi.

Turudi Ruiru, katika kaunti ya Kiambu. Katiba ya 2010 iliweka utalii wa ndani mikononi mwa kaunti, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa mgeni haoni mipaka. Maporomoko ya Fourteen Falls yako kwenye Mto Athi, mpakani mwa Kiambu na Machakos. Kilimambogo, alikozikwa tajiri William Northrup McMillan aliyempokea Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka wa 1909, ni hifadhi ya shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, na iko Machakos. Hoteli ya Blue Posts ya Thika, ya tangu 1908, ni mali ya mtu binafsi. Vivutio vitatu, wenyewe mbalimbali, na matembezi yake ni ya siku moja.

Hata hivyo, nisingeanza na maporomoko. Ningeanza na kahawa. Ruiru 11, aina ya mbuni unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilitolewa 1985 na watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru, na mtaalamu wa kahawa wa Colombia au Vietnam huenda akalijua jina la mji huu bila kujua uko wapi. Chama cha kimataifa cha wanasayansi wa kahawa, ASIC, kilifanya mkutano wake wa 1997 Nairobi. Juja kuna chuo kikuu cha JKUAT, na ndani yake taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, inayosomesha vijana kutoka pande zote za bara. Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Maprofesa hawa wamo katika vyama vya kimataifa. Wao ndio wenye kuandika ile barua ya kwanza, na ofisi ya kaunti yenye wafanyakazi wawili makini ingeweza kupita idara kwa idara ikiuliza swali moja: wewe ni mwanachama wa nini, na mnakutana wapi miaka mitatu ijayo?

Baada ya hapo ni hesabu ya vitanda. Mkutano wa watu 300 unahitaji vyumba 300 vyenye bafu, visiwe mbali na ukumbi, vya bei inayolingana. Vyumba vya kupangisha kwa siku, vinavyozidi kuonekana kando ya barabara hii, vinaweza kuziba pengo iwapo kuna anayevikagua na kuvijibia. Vikikosekana, wajumbe watapata chakula cha mchana Ruiru, saa kumi na moja watapanda basi, na pesa ya chakula cha jioni itatumika Nairobi.