Si Kila Mshubiri Hupakwa Ngozini

Mshubiri unaooteshwa kwenye ndoo kuukuu mbele ya nyumba, iwe Same mjini au vijijini Ugweno, hauna asili ya Upare. Huo ndio alovera, na kwao ni Rasi ya Arabuni. Wenyeji ni mishubiri mingine, kama Aloe volkensii wenye shina refu mithili ya mti, uliopewa jina la Georg Volkens, Mjerumani aliyechunguza mimea ya Kilimanjaro miaka ya 1890. Katika nyika za mpakani na Kenya upo pia Aloe ballyi, unaonuka panya na wenye sumu. Anayechuma jani porini akidhani mishubiri yote ni ndugu anacheza na afya yake.

Hata alovera yenyewe ina mambo mawili ndani ya jani moja. Ukilikata, hutangulia utomvu wa njano, mchungu kupindukia. Ndiyo shubiri ambayo kina mama hupaka kwenye titi wanapomwachisha mtoto kunyonya. Utomvu huo huharisha, na huweza kuwasha ngozi. Mwaka 2002 Marekani iliuondoa katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari.

Kinachofaa ngozini ni ute mweupe wa katikati, ambao karibu wote ni maji.

Je, unaponya? Mwaka 2007 watafiti wa Thailand walijumlisha tafiti za majeraha ya moto na kukuta kwamba waliotumia alovera walipona mapema kwa takribani siku tisa. Tafiti zilikuwa chache, lakini dalili ni njema. Kidonda kirefu ni habari nyingine: katika utafiti wa Marekani wa 1991, vidonda vya upasuaji vilivyopakwa jeli ya alovera vilichukua siku 83 kupona, dhidi ya 53 kwa matibabu ya kawaida.

Aliyeungua kidogo aanze na maji safi yanayotiririka, dakika 20. Kisha jani lililokomaa likatwe, lisimamishwe mpaka utomvu uchuruzike wote, lioshwe na kumenywa. Ute ujaribiwe kwanza sehemu ndogo ya ngozi nzima.

Moto ukifika usoni, ukichimba nyama au ukimpata mtoto mchanga, acheni jani kwenye ndoo mumpeleke kituo cha afya.