Istilahi za Ujenzi wa Makao ya Wazee: Kutoka Kanuni hadi kwa Fundi

Nchini Kenya, Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024 zilichukua nafasi ya zile za 1968. Zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mafundi wengi huelekezwa kwa Kiswahili. Hivyo, msimamizi wa ujenzi wa makao ya wazee huwa pia mfasiri. Mathalani, mteremko wa 1:12 ni kipimo kinachotumiwa sana kimataifa kwa njia za viti vya magurudumu. Fundi akiambiwa tu kwamba mteremko usiwe mkali, atakadiria kwa jicho. Akielezwa kuwa kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu, atajua kwamba baraza ya sentimita 50 yahitaji njia ya mita 6. Kwa hiyo, kila badiliko la kanuni liambatane na faharasa ya Kiswahili yenye vipimo. La sivyo, mzee atajengewa mlango asioweza kuufikia.