Daktari aliyeanza kwa kuhesabu majeruhi: somo la Olive Kobusingye kwa Goma

Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, hospitali ya CBCA Ndosho ilipokea majeruhi kupita uwezo wake. Wahudumu wake, pamoja na timu ya upasuaji ya Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, walilazimika kuamua nani aingie chumba cha upasuaji kwanza na nani asubiri.

Uamuzi wa namna hiyo una kifaa rahisi, na kilibuniwa jirani tu, Uganda. Katika miaka ya 1990, Dkt. Olive Kobusingye, daktari wa upasuaji aliyehudumia majeruhi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alishirikiana na mwenzake kutoka Canada, Ronald Lett, kuandaa kipimo kinachojulikana kama Alama za Majeruhi za Kampala.

Kipimo hicho huangalia mambo 5: umri, idadi ya majeraha makubwa, shinikizo la damu, kasi ya kupumua na kiwango cha fahamu. Jumla huanzia 5 hadi 16. Anayepata chini ya 11 yuko hatarini sana. Hakihitaji maabara wala mashine ya picha. Muuguzi mwenye saa na kipimo cha shinikizo la damu anaweza kukitumia.

Lakini Kobusingye hakuishia kwenye kitanda cha mgonjwa. Fomu za majeruhi zilikusanywa kuwa daftari la hospitali, na daftari likaonyesha kwamba ajali za barabarani ndizo zilizoongoza kuwaleta watu Mulago. Kuanzia hapo, kazi yake ikawa kuzuia jeraha kabla halijatokea: katika kituo cha kudhibiti majeraha alichosaidia kuanzisha Uganda, katika ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, kisha katika chuo kikuu cha Makerere.

Goma haikosi madaktari hodari. Hospitali ya HEAL Africa ilianzishwa na Jo Lusi, daktari wa upasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn. Majengo yake yaliharibiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002, yakajengwa upya. Hata hivyo, hospitali humpokea mtu akiwa ameshaumia.

Risasi na mabomu hutajwa kwenye habari. Abiria aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki bila kaske hatajwi, ingawa naye anahitaji kitanda, damu na daktari yuleyule. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani umeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Ziwani ni hivyo hivyo. Kobusingye na wenzake wa Makerere walichunguza vifo vya maji nchini Uganda, wakakuta wengi waliozama hawakuvaa jaketi za kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, hapa Goma, na makumi ya watu wakafariki. Ilikuwa imejaza abiria kupita kiasi, wakati vita vilikuwa vimefunga barabara.

Kwa desturi, daktari husifiwa siku ya kustaafu, kwa hotuba na zawadi. Kwa Kobusingye kuna heshima nyingine ambayo haihitaji kungoja sherehe: fomu moja kwa kila majeruhi anayefika hospitalini, kaske ya pili kwa abiria wa kila motari, na jaketi kwa kila anayepanda boti Kituku.

Vita havitaisha kwa sababu ya fomu. Lakini mji unaojua watu wake wanaumia wapi na kwa nini, unajua pia pa kuanzia kuwalinda.