Mwalimu wa Kuimba Pamoja Hukumbukwaje?

Pete Seeger, mwimbaji na mpiga banjo wa Marekani, alifariki New York tarehe 27 Januari 2014 akiwa na miaka 94. Aliacha santuri nyingi, lakini kilichomtofautisha na wenzake ni uwezo wa kuufanya ukumbi mzima uimbe. Msanii wa kawaida akifa, tunamkumbuka kwa kusikiliza kazi zake. Je, yule ambaye kazi yake ilikuwa kuwaimbisha wengine? Msimamo wa makala hii ni kwamba rekodi humtunza nusu tu. Ukumbusho wake kamili ni pale aliyefundishwa naye anapoanzisha wimbo na watu wakaupokea. Ushahidi wa kwanza unatoka kwa Seeger mwenyewe, katika namna alivyomkumbuka rafiki na mlezi wake, Woody Guthrie.

Walikutana mwaka 1940. Seeger alikuwa kijana wa miaka 20 aliyeacha masomo Harvard. Guthrie, aliyemzidi miaka saba, alikuwa ameshazunguka nchi na gitaa lake. Kwake kijana huyo alijifunza kudandia treni za mizigo, kuimba baa ili apate chakula, na kutunga nyimbo kutokana na mambo yaliyokuwa yakitokea. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo, ulimnyamazisha Guthrie miaka mingi kabla ya kifo chake mwaka 1967, na Seeger akaendelea kuziimbisha nyimbo zake. Tarehe 18 Januari 2009, siku mbili kabla ya Barack Obama kuapishwa, alisimama kwenye Lincoln Memorial mjini Washington pamoja na Bruce Springsteen, wakaongoza "This Land Is Your Land", ulioandikwa na Guthrie mwaka 1940. Walirudisha hata beti ambazo kwa kawaida huachwa: ule wa bango la kuwazuia watu kupita, na ule wa wenye njaa waliopanga foleni kusubiri msaada. Seeger alitaja maneno ya mistari kabla haijaimbwa, umati ukaitikia. Hakusimulia jinsi rafiki yake alivyokuwa. Aliwatia watu maneno yake kinywani.

Ufundi huo una hesabu yake. Kiongozi hutaja mstari unaofuata katika nafasi ya pumzi, watu wanapomalizia ule uliopita. Akichelewa, wimbo unakatika, akiwahi, anawafunika. Makanisa ya Uingereza na Marekani yalikuwa na desturi ya kuwatajia mistari waumini wasio na vitabu, na Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani wakaichanganya na kuongoza na kupokea walikotoka nako. Aliyekulia kwenye ngoma, nyimbo za harusi au kwaya hahitaji maelezo zaidi. Seeger aliugawa pia ukumbi, hawa wakashika besi na wale sauti ya juu, kisha akapunguza sauti yake mwenyewe. Ndiyo maana uzeeni, sauti ilipokuwa imekauka, bado aliweza kuongoza: uzito wa wimbo haukulalia koo lake.

Serikali ya Marekani iliupima ufundi huu bila kukusudia. Agosti 1955 Seeger aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti, akakataa kueleza imani yake wala kutaja washirika wake. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, hukumu ikafutwa kwenye rufaa mwaka 1962, lakini mitandao mikubwa ya televisheni iliendelea kumfungia milango hadi mwaka 1967. Akageukia shule, vyuo na kambi za watoto. Kama jina lake lingetegemea kurushwa hewani tu, lingefifia. Badala yake kikakua kizazi kilichokuwa na nyimbo hizo kichwani.

Mfano mwingine ni Bernice Johnson Reagon. Alikamatwa na kufukuzwa chuo mjini Albany, Georgia, kwa kuandamana dhidi ya ubaguzi, na mwaka 1962 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Freedom Singers. Seeger alihimiza kundi hilo liundwe, na mkewe, Toshi, akawasaidia kupanga ziara. Hawakumfundisha Reagon kuimba. Hilo alilileta kutoka kanisani, kwa baba yake mchungaji. Walimpa njia ya kuubeba wimbo wa mkutanoni mpaka kwa watu wa mbali. Mwaka 1964 alimpa binti yake jina Toshi, na mwaka 1973 akaanzisha kundi la Sweet Honey in the Rock. Alifariki mwaka 2024, naye Toshi Reagon ni mwanamuziki.

Wapo watakaosema kuimba hakubadilishi sheria. Ni kweli kwamba wimbo haushiki nafasi ya wakili wala mpiga kura. Lakini "We Shall Overcome" ulitoka kwa wafanyakazi wa tumbaku waliogoma Charleston, ukapita Highlander, chuo cha wanaharakati Tennessee, kwa Zilphia Horton, ukafika kwa Seeger na wengine, na tarehe 15 Machi 1965 Rais Johnson akayatumia maneno yake mbele ya Bunge akidai sheria ya haki ya kupiga kura. Pingamizi zito zaidi ni kwamba umati unaoimba unaweza kupotoshwa. Seeger ni shahidi wa hilo: mwaka 1941 kundi lake, Almanac Singers, liliimba kupinga vita, na Ujerumani ilipoivamia Urusi likageuka upesi kufuata msimamo wa Chama cha Kikomunisti. Baadaye aliomba radhi hadharani kwa kutouona ukatili wa Stalin. Kuimba pamoja hukipa nguvu chochote kilichomo ndani ya wimbo, kwa hiyo mlezi hurithiwa kwa kuhojiwa pia.

Tena, wimbo wa wote humfuta mtunzi. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Seeger na wenzake wakauimba kama "Wimoweh", ukapata umaarufu duniani, na Linda akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata suluhu ya malipo mwaka 2006 tu. Hapo dosari si kuimba pamoja bali ni kutomlipa mwenye kazi. Mapato ya "We Shall Overcome" yalielekezwa kwenye mfuko unaosimamiwa na Highlander. Kumbe inawezekana wote waimbe na haki itendeke.

Katika hafla nyingi za kumbukumbu siku hizi, spika hukodiwa na sauti ya marehemu ikarudishwa kwa rekodi. Hakuna ubaya. Lakini kwa mwalimu wa kuimba pamoja, atafutwe kwanza aliyefundishwa naye, ataje wimbo ni wa nani, auanzishe, na wengine wapokee. Asipopatikana hata mmoja, rekodi haitaziba pengo hilo.