Mashine ya Kwanza Haiuzwi

Fundi wa Masisi, Kivu Kaskazini, akipata wazo la mashine ya kukuna mihogo, huanza kuhesabu mbao na mabati. Anaandika bei ya gogo, misumari, beringi za pikipiki, mnyororo wa baiskeli na ujira wa mchomeleaji. Anajumlisha, anaongeza faida kidogo, bei imepatikana. Kumbe hiyo ni gharama ya mashine ya kumi. Ya kwanza ina hesabu yake.

Pipa la mashine hiyo ni gogo lililofungwa bati, na bati limetobolewa kwa msumari ili kingo za matundu zikune. Maji ya mihogo yana asidi: bati la kawaida hushika kutu, meno yanakuwa butu na kutu inaingia kwenye unga. Pipa la pili litataka chuma kisichoshika kutu, nacho kitaagizwa Goma. Kisha fremu itayumba, maji yataingia kwenye beringi, na mama anayekuna atalalamika kwamba mkono wa kuzungushia uko juu mno. Tuseme vifaa vya mashine moja ni dola 60. Tenga 180, za mashine tatu, na ukubali kabisa kwamba mbili ni za kuvunjwa na kuchunguzwa. Mihogo ya majaribio nayo inunuliwe. Siku ambazo fundi angetengeneza milango ya wateja ziandikwe kwa dola, maana watoto wake wanakula siku hizo pia.

Barabara ndiyo inayoumiza zaidi. Kutoka Sake kupita Masisi hadi Walikale, mvua ikinyesha lori hukwama matopeni, na wanaolinda barieri, yaani vizuizi vya barabarani, wanadai chao. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi karibu 800 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Vita vya miaka ya karibuni vimeongeza mashaka: njia iliyo wazi leo inaweza kufungwa kesho. Kwa hiyo punguza gharama hiyo mapema, ungali unachora. Mashine inayofunguka vipande vitatu vya kubebwa na pikipiki ni nafuu kuifikisha kuliko fremu moja inayosubiri lori.

Na hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake? Sheria ya Kongo ya tarehe 7 Januari 1982 inamlinda mvumbuzi, lakini maombi hupelekwa Kinshasa na yana ada. Sharti kubwa ni upya: kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena. Chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, inabeba viazi na makaa ya Kivu tangu miaka ya 1970, ina hata sanamu yake Goma, na leo hakuna awezaye kuidai. Kwa mashine ya kijijini, mimi ningelipia majaribio kwanza, lakini ndani ya ua, mbele ya watu wachache wanaoaminika, hadi niamue kama nitaomba hataza. Ukiomba nyumbani, Mkataba wa Paris unakupa miezi 12 ya kuomba nchi nyingine bila kupoteza nafasi yako.

Fedha zisitoke zote pamoja. Zamu ya kwanza ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, ilipe majaribio. Ya pili ilipe chuma cha Goma na usafiri. Vifaa vya mashine tano visinunuliwe mpaka wateja wawili, wasio jamaa zako, wawe wameweka malipo ya awali mkononi.