Lugha na Ishara: Daraja la Mwananchi Kushiriki Katika Jamii Yake

Na Mwandishi Wetu

Kata ya Guta, wilayani Bunda mkoani Mara, ipo kando ya Ziwa Victoria. Wajita, Wakerewe, Wasukuma na Wajaluo ni miongoni mwa jamii za mwambao huo, na kila moja ina lugha na salamu zake. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mwaloni, sokoni, zahanati na mkutanoni.

Hata hivyo, maneno pekee hayamfanyi mtu kuwa mwenyeji. Kijana anayempita mzee bila kumwamkia huonekana mgeni, hata kama Kiswahili chake ni fasaha. Asiyejua lugha ya wenyeji, akisimama, akainama kidogo na kupokea kitu kwa mikono miwili, hueleweka kuwa amekuja kwa heshima.

Ishara hizo zikisomwa vibaya, mwananchi huumia. Kijana aliyefunzwa nyumbani kuinamisha macho mbele ya mkubwa anaonesha adabu, lakini mtumishi aliyetoka kwingine anaweza kudhani kuwa anaficha jambo.

Ukimya nao una maana zaidi ya moja. Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Bibi anayejieleza vizuri zaidi kwa lugha yake ya mama anaweza kunyamaza mkutanoni, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa ameafiki jambo ambalo hakulielewa.

Kwa kiziwi, ishara ndiyo lugha yenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yao ya kupata habari na mawasiliano. Tangazo la kipaza sauti peke yake haliwafikii.

Lugha ya mama haipingani na Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikulia katika Kizanaki, akaongoza Taifa kwa Kiswahili.

Hivyo, kabla ya kufunga hoja, mwenyekiti wa mkutano hana budi kuirudia kwa maneno mepesi, kumruhusu mzee ajieleze kwa lugha yake huku jirani akitafsiri, na kuhakikisha kiziwi ameketi mahali anapomwona mkalimani. Uamuzi unakuwa wa wote pale tu kila mmoja alipouelewa.