Salfa ya Mikorosho na Uchachu wa Udongo



Kila mwaka, mikorosho inapoanza kutoa maua, mashine za kupulizia hunguruma tangu alfajiri, Newala hadi Masasi. Wanafunzi wengine hutufikia darasani wakiwa na harufu ya salfa nguoni. Mmoja wao alituuliza: "Ustadhi, ule unga ukianguka chini huwa nini?" Swali ni zuri, na majibu yake yanahusu chakula chetu.

Kwanza tuitendee haki salfa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, na bei ilikuwa duni; kisha ukaja ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Salfa iliusaidia mkorosho kusimama tena. Ada za wengi wenu zinatoka humo, basi asije mtu akasema tunaipiga vita.

Ama kuhusu unga unaoanguka, hauozi ukapotea. Udongoni mna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huigeuza salfa kuwa tindikali, ile ile iliyomo katika betri ya gari, ila imezimuliwa sana. Tindikali hiyo huing'oa chokaa iliyoshikamana na udongo, na mvua huizamisha chini mizizi isikofika. Uchachu ukizidi, madini ya alumini yaliyokuwa yamelala huyeyuka na kudumaza mizizi. Muhogo huvumilia. Mahindi hayavumilii, nasi wengi tunapanda mahindi na kunde chini ya mikorosho hiyo hiyo.

Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Saba ni katikati, na kila namba ukishuka, uchachu huongezeka mara kumi. Kwa hiyo udongo wa tano si "mchachu kidogo" kuliko wa sita. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima udongo wa mashamba ya kusini yaliyopuliziwa salfa, wakakuta tabaka la juu limechachuka.

Newala iko hatarini zaidi. Udongo wa uwanda wa Makonde una mchanga mwingi, maji hupita upesi (kila anayebeba ndoo analijua hilo), na hauna akiba kubwa ya chokaa. Masasi, katika mabonde yenye udongo mzito, madhara huchelewa.

Huko kaskazini ya mbali, kama Alaska, ardhi huganda na kuyeyuka kila mwaka. Barafu ikivimba huupindua udongo, wa chini wenye chokaa ukaja juu, na penye msukosuko huo uchachu huwa mdogo. Sisi hatuna barafu ya kutulimia. Kwetu kazi hiyo hufanywa kidogo kidogo na mchwa, na mizizi ya mikorosho inayovuta chokaa kutoka chini na kuirudisha kwa majani yanayodondoka. Nasi tunayafagia, tunayachoma rundo moja pembeni, majivu tunayaacha hapo hapo!

Chukueni maji ya rozela. Tieni ndimu, yatabaki mekundu. Tieni maji ya majivu, yatageuka rangi ya kijani au buluu. Majivu ni kinyume cha uchachu, na mahali pake ni shambani, yakitawanywa, si kurundikwa shinani.

Hata hivyo majivu ya jikoni hayatoshi. Mti uliopuliziwa gramu 250 mara tano umepata kilo moja na robo ya salfa. Ikigeuka yote, huhitaji karibu kilo nne za chokaa ya kilimo. Kabla ya kununua, mwombeni bwana shamba udongo upimwe, kwani chokaa ikizidi nayo hudhuru. Kuna pia njia ya kupunguza salfa yenyewe: kukata machipukizi ya ndani ya mti kabla ya maua, maana ukungu hujificha humo, na kutumia dawa za maji katika baadhi ya mizunguko.

Shamba letu la nyuma ya madrasa lilitoa mahindi ya manjano, mafupi, miaka miwili mfululizo, nasi tukailaumu mbegu. Msimu huu tumetawanya majivu nusu ya shamba, nusu tumeiacha. Wanafunzi wa darasa la juu watapima mavuno ya pande zote mbili kwa debe moja.